Nyumba Iliyofungwa na Homa ya Jirani

Leo hatutaanzia hospitali. Tutaanzia penye mlango uliotiwa kufuli.

Ukishika njia ya Ndia Kuu ukakatiza Kibokoni mpaka Kuze, hukosi kuiona nyumba ya namna hiyo. Ghorofa mbili, mlango wa nakshi, madirisha yamefungwa, vumbi limejaa kizingitini. Hakuna mpangaji. Ukiwauliza majirani utaambiwa mwenyewe yuko Arabuni, au ndugu wanagombania mirathi na kesi iko kwa kadhi, au waliokuwemo walihama kwa sababu paa lilivuja na mwenye nyumba hakuwa na uwezo wa kulitengeneza. Hili la mwisho tusilichukulie kuwa ni uvivu wake. Nyumba hizi ni za mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, na kuzitengeneza kwataka fundi anayezijua. Tangu mwanzo wa miaka ya 1990 Mji wa Kale ni eneo linalohifadhiwa, kwa hivyo huwezi kubomoa na kujenga upendavyo bila kibali. Na kwa miaka mingi sheria ya kudhibiti kodi imezihusu nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Pesa hizo hazitoshi kubadilisha dari.

Mimi lakini ni mtu wa afya, si dalali wa nyumba. Linalonihusu ni kile kilichobaki ndani baada ya watu kutoka.

Kisiwa chetu hakina maji ya mfereji ya kutegemewa kila siku. Kwa hivyo kila nyumba ina tangi juu ya paa, pipa uani, na zile za zamani zina birika la kuogea. Watu wakiwemo, maji hayo huchotwa na kujazwa upya. Watu wakihama, tangi hubaki na maji nusu, na mvua ya masika huongeza. Kifuniko kikipeperushwa na upepo wa kusi, nani atapanda kukirudisha?

Hapo ndipo anapoingia mbu aina ya Aedes. Huyu ana madoa meupe miguuni, na huuma mchana. Yeye hapendi maji machafu ya mtaroni, hupenda maji yaliyotulia ndani ya vyombo. Hutaga mayai ukutani mwa chombo, pale juu ya maji, na mayai hayo huweza kukaa makavu kwa miezi mingi bila kufa. Maji yakiyafikia huanguliwa, na kwa joto letu la Mombasa, siku saba hadi kumi zatosha kiluwiluwi kuwa mbu kamili. Mbu huyu haruki mbali na alikozaliwa. Lakini katika Mji wa Kale, ambako ukinyosha mikono miwili kichochoroni wagusa kuta za nyumba mbili, hana haja ya kwenda mbali.

Magonjwa anayoyaleta tunayajua. Homa ya dengue, ambayo wengine huiita kidinga popo, ilijulikana Malindi na Kilifi mwaka 1982, ikalipuka Mombasa mwaka 2013. Mwaka huo watu 1,500 walipimwa katika eneo la Tudor, na karibu asilimia 13 walikutwa na dalili za kuambukizwa karibuni. Chikungunya ilienea Lamu mwaka 2004, wakati wa ukame, watu walipokuwa wakiweka maji majumbani kwa muda mrefu. Ikarudi kwa nguvu Mombasa mwisho wa 2017 na kuingia 2018. Wengi wetu twakumbuka watu waliokwenda kwa kuinama, viungo vimekaza. Hata jina lenyewe ni la Kimakonde, lina maana ya kujikunja.

Niliwahi kuitwa kichochoro kimoja ambako watoto wa nyumba tatu waliugua homa katika wiki moja. Mama zao walikuwa wamefanya kila tulilowafundisha. Mapipa yamefunikwa, makopo yametupwa, vifuu vya nazi vimechomwa. Mbu hawakupungua. Jirani mmoja akanionyesha kwa kidole: "Bwana afisa, tazama kule juu." Nyumba ya kati ilikuwa tupu mwaka wa pili. Ufunguo ulikuwa kwa mjomba wa mmoja wa warithi, naye hakutaka kuutoa asije akaambiwa amependelea upande. Tulikaa naye barazani jioni tatu. Ya nne akaja na ufunguo, na akaja na warithi wa pande zote mbili ili washuhudie. Ndani ya tangi, viluwiluwi walikuwa wakicheza kama punje za mchele kwenye maji yanayochemka. Na uani, karo lilikuwa limevunjika mfuniko. Humo huzaliana mbu wa usiku, aina ya Culex, wawezao kueneza matende na mabusha.

Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, haiangalii kesi ya mirathi imefika wapi. Mwenye nyumba au mkaaji atakiwa asiache chupa, makopo, wala chombo chochote kinachoweza kutuama maji. Kwa hivyo wewe unayetaka kufunga nyumba, kabla ya kufuli mwaga maji ya tangi na birika, sugua kuta zake kwa brashi ili mayai yatoke, kisha funika kabisa. Vuta maji ya tangi la choo. Ziba karo. Umwachie jirani ufunguo, au walau nambari ya simu. Nanyi majirani, msivunje mlango. Nendeni kwa mzee wa mtaa, kisha kwa afisa wa afya ya umma.

Kuna na jambo jingine nitalitaja kwa ufupi. Vyumba vikibaki vitupu kwa sababu ya kodi kubwa au ubovu, familia hubanana chumba kimoja huko Majengo na Bondeni, watu saba na dirisha moja. Kifua kikuu hupenda mahali kama hapo. Tutalirudia wiki nyingine.

Kwa sasa, mtoto akipata homa ya ghafla, kichwa na maumivu nyuma ya macho, usikisie malaria. Nenda ukapime. Mpe maji mengi, na panadol kwa kipimo cha umri wake. Usimpe asprini wala ibuprofeni, kwani zaweza kuzidisha kutoka damu. Ukiona tumbo lauma sana, anatapika mfululizo, au damu inatoka ufizini au puani, mpeleke hospitali saa hiyohiyo, hata kama homa imeshashuka. Siku hizo za homa kushuka ndizo za kumwangalia zaidi.

Kwaheri hadi wiki ijayo.