Kuku wa Maskini na Wiki Nane za Kwanza

Mazungumzo juu ya ulezi wa vifaranga, yaliyotolewa kwa vikundi vya kujisaidia



Mmeniomba niongee juu ya kulea vifaranga nyumbani. Nianze na methali ambayo sote tunaijua: Kuku wa maskini hatagi, akitaga haangui, akiangua halei, na akilea, huchukuliwa na mwewe. Watu huisema wakicheka, lakini ni methali ya kukata tamaa. Yasema kwamba maskini hana bahati. Leo nataka tubishane nayo.

Kuku wa maskini hutaga. Akilalia, siku ya 21 mayai yanaanguliwa. Shida inaanza hapo. Mama anatoka na vifaranga 12, nyumba nzima inafurahi, na baada ya miezi miwili wamebaki 3. Wale 9 waliopotea ndio yunifomu, ndio daftari, ndio dawa ya mtoto. Wala si bahati mbaya iliyowaua. Ni mambo manne: baridi, njaa, mwewe na magonjwa. Yote manne tunaweza kuyapunguza, tukikaza mkono katika wiki 8 za kwanza.

BARIDI

Kifaranga wa siku moja hana manyoya, ana malaika tu. Hawezi kujitunzia joto. Ndiyo maana Bwana wetu, alipoulilia mji wa Yerusalemu, alitaja kuku anayekusanya vifaranga wake chini ya mabawa. Kila aliyemsikia alielewa.

Katika wiki ya kwanza kifaranga anahitaji joto la digrii 32 hadi 35. Kila wiki unapunguza kama digrii 3, mpaka aote manyoya. Sasa mtu ataniuliza, "Mwalimu, kipimajoto nitatoa wapi?" Vifaranga wenyewe ndio kipimajoto. Wakirundikana pamoja wakilia, wana baridi. Wakikimbilia pembeni na kuhema midomo wazi, wamezidiwa na joto. Wakitawanyika, wengine wanakula, wengine wamelala, basi hapo pako sawa.

Kama unawalea bila mama yao, tafuta katoni au sanduku la mbao. Tandika randa kavu za fundi seremala. Usitumie vumbi laini la mbao, watalila. Ziba zile pembe ziwe mviringo, kwa maana vifaranga wakipata baridi husongamana kwenye pembe, na wale wa chini hukosa pumzi. Usiku wanaweza kulala ndani ya kisanduku kidogo kilichoshindiliwa nyasi kavu pande zote, na juu kifunikwe gunia linalopitisha hewa. Wakiwa wengi humo, joto lao wenyewe linawatosha bila moto.

Wengine hutumia makaa ndani ya chungu, wakayafunika na majivu. Ni sawa, lakini yawashwe nje mpaka moshi uishe, na chumba kiwe na mahali pa hewa kupita. Tafadhali sana, msiweke jiko la makaa katika chumba wanacholala watoto. Gesi ya makaa haina harufu, na inaua watu wakiwa usingizini.

NJAA

Kifaranga huzaliwa na akiba ya kiini cha yai tumboni, kwa hiyo asipokula siku ya kwanza usiogope. Mpe maji safi kwanza, halafu chakula. Maji yawe kwenye kisahani, na ndani weka mawe madogo ili wasizame.

Chakula bora ni mashi ya vifaranga kutoka duka la dawa za mifugo. Kama pesa ni kidogo, changanya mahindi yaliyosagwa na omena iliyopondwa. Mahindi peke yake hayatoshi, kwani kifaranga anajenga mwili. Na mchwa je? Wazee wetu walijua. Jaza chungu kikuukuu mabua na samadi yenye unyevu, kigeuze juu ya njia ya mchwa jioni, asubuhi una chakula cha bure.

Kama wako na mama yao, weka chakula chao chini ya tenga lenye matundu ambayo vifaranga wanapita na kuku mkubwa hapiti. La sivyo mama na majogoo watamaliza.

MWEWE

Mwewe, paka na nguchiro hawali kifaranga aliyefungiwa. Kwa wiki 4 za kwanza wakae ndani, au chini ya tenga uani. Na kuna faida nyingine. Kuku akiachwa na vifaranga hukaa nao miezi miwili au zaidi bila kutaga. Ukiwatenga mapema na kuwalea mwenyewe, anarudi kutaga baada ya wiki chache.

MAGONJWA

Hapa ndipo kikundi kinapohitajika. Kideri kikiingia kijijini kinaweza kumaliza karibu kuku wote kwa wiki moja, na hakina dawa. Kuna chanjo tu, na chanjo haimponyi kuku ambaye tayari ni mgonjwa. Chupa ndogo ya chanjo mara nyingi hutosha kuku 100 au zaidi, na ikishachanganywa lazima itumike kwa saa chache tu. Mama mwenye kuku 15 anunue chupa nzima peke yake? Hawezi. Lakini mama 10 wakikubaliana siku moja, wakachanga, mmoja akaileta katika flaski yenye barafu, kazi inaisha kabla ya saa sita mchana. Mwombeni afisa wa mifugo awapangie tarehe za kideri, Gumboro na ndui, na tarehe za kurudia.

Kifaranga akihara damu, mtenge, badilisha randa zilizolowa, na utafute dawa siku hiyo hiyo. Randa kavu husaidia sana kuzuia ugonjwa huo. Na watoto wanawe mikono kwa sabuni kila wakishika vifaranga.

Ndugu zangu, tuache kuhesabu vifaranga siku ya kuanguliwa. Tuwahesabu wakifika wiki 8. Hapo tutajua kama ile methali bado inatuhusu.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kati ya vifaranga walioanguliwa nyumbani kwako mara ya mwisho, wangapi walifika wiki 8? Wengine walikufa na nini?
2. Ni nani katika kikundi atatunza daftari la tarehe za chanjo?
3. Kila mmoja atachanga shilingi ngapi, na lini?