Kabla Mtoto Hajapanda Mlima



Baadhi yenu, wahitimu wetu wa utabibu na uuguzi, mtapangiwa vituo vya huku huku Moshi na Marangu, chini ya Kilimanjaro, na kwenu nina ombi. Mtoto wa miaka 10 huruhusiwa kwenda kileleni. Umri huo haudhamini mapafu yake.

Kuanzia takriban mita 2,500, oksijeni inapopungua, mishipa ya mapafu hujibana. Ikijibana kupita kiasi, presha ndani yake hupanda, na majimaji ya damu huvujia kwenye vifuko vya hewa. Mtoto huhema hata akiwa amekaa, hukohoa, midomo hubadilika rangi. Ugonjwa huu unaua. Lakini aliye hatarini mara nyingi hujulikana kabla safari haijaanza, akipata mtu wa kumuuliza.

Ulizeni mafua kwanza. Mtoto aliyetoka kuugua mafua juzi anacheza, anakula, anaonekana mzima. Mishipa ya mapafu yake bado ina athari za ugonjwa na huvuja upesi. Mzazi aliyekwisha kulipia safari hatapenda kusikia iahirishwe. Mwambieni iahirishwe.

Kisha sikilizeni moyo. Wapo wanaozaliwa na tundu kwenye moyo, na wachache hukosa mshipa mmoja wa kupeleka damu mapafuni, wakakaa miaka bila dalili yoyote. Watoto wenye sindromu ya Down wameugua hata chini ya mita 2,000. Na aliyewahi kuugua mara moja ni mwepesi wa kuugua tena.

Wala msidhani mzaliwa wa milimani ana kinga. Huko Leadville, mji wa Colorado ulio kwenye mita zipatazo 3,100, na huko Andes ya Peru, madaktari waliona watoto wenyeji wakiugua waliporejea nyumbani baada ya kukaa tambarare kwa muda. Likizo tu kwa bibi ilitosha.

Kupanda kwa haraka, baridi na kujichosha huongeza hatari kwa kila mtoto, hata asiye na lolote kati ya hayo niliyoyataja awali.

Mkiitwa usiku kwa mtoto anayehema akiwa amepumzika, mpeni oksijeni na mteremsheni saa ileile, abebwe, asitembee. Msisubiri kukuche.