Chumvi Iliyofichika Katika Mchele wa Pakiti

Mchele wa pakiti uliotiwa viungo huiva upesi, na watoto huupenda. Lakini kabla hujaununua, geuza pakiti usome kiasi cha sodiamu. Miligramu 800 za sodiamu ni sawa na gramu 2 za chumvi, na mara nyingi hiyo ni ya sahani moja, si pakiti nzima. Mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai. Mtoto anahitaji chini ya hapo.

Unapoupika, usiongeze chumvi. Ikiwa viungo vimo katika kifuko chake, tia nusu tu, kisha ongeza kitunguu, nyanya na dania. Pakua pamoja na ndengu na sukuma wiki. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja, mpondee wali mweupe usio na chumvi.

Afya njema huanzia jikoni.