Stoo za Chakula za Sharika: Tujifunze Nini Masharti ya Msaada Yanapobadilika?

Hotuba iliyotolewa na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi katika semina ya kamati za sharika na wafadhili



Tumeombwa tuzungumzie stoo za chakula zinazoendeshwa na makanisa huko Marekani, zikiwemo sharika za marafiki zetu. Tangu mwaka 2025 wajumbe wengi wanatuuliza: "Inakuwaje katika nchi tajiri kama ile watu wapange foleni kanisani kupewa mchele na maharage?" Swali ni zuri, na jibu lake linatuhusu na sisi.

Serikali ya Marekani ina mpango wa chakula uitwao SNAP. Familia yenye kipato kidogo huingiziwa fedha kila mwezi katika kadi inayofanana na ya benki, ikanunua chakula dukani. Mwaka 2025 watu wapatao milioni 42, yaani mtu 1 kati ya 8, walikuwa wakiutegemea. Stoo ya kanisa ni ndogo zaidi: chumba chenye rafu, unga, vyakula vya makopo na watu wa kujitolea. Stoo nyingi huchukua chakula katika maghala makubwa yaitwayo benki za chakula. Benki ya kwanza ilianzishwa na John van Hengel mjini Phoenix mwaka 1967.

Sheria iliyosainiwa tarehe 4 Julai 2025 ilikaza masharti ya SNAP. Mtu mzima mwenye afya anatakiwa kuthibitisha saa 80 kwa mwezi za kazi, mafunzo au kujitolea. Asipofanya hivyo hupata msaada kwa miezi 3 tu katika miaka 3. Zamani sharti hili liliishia umri wa miaka 54, sasa linafika 64. Mzazi ambaye watoto wake wote wametimiza miaka 14 naye ameingizwa. Wakimbizi waliopokelewa kisheria wameondolewa mpaka wapate hati ya ukaazi wa kudumu, ambayo huiomba baada ya kukaa mwaka mmoja. Kati yao wapo ndugu zetu Wakongo wanaosema Kiswahili, wengine wakiwa wamepitia kambi ya Nyarugusu, Kigoma. Kisha shughuli za serikali zikasimama kwa kukosa bajeti, tangu tarehe 1 Oktoba hadi 12 Novemba 2025, na fedha za chakula za Novemba zikachelewa.

Katika hali hiyo stoo hufanya nini? Kwanza, hutoa chakula siku hiyohiyo, wakati ofisi ingali inashughulikia maombi. Pili, hutoa vitu ambavyo kadi ya SNAP hainunui, kama sabuni na nepi za watoto. Tatu, na hili tulizingatie sana, baadhi ya stoo husaidia katika makaratasi. Wapo wanaoondolewa si kwa sababu wamepata uwezo, bali kwa sababu barua haikueleweka au fomu ilichelewa. Mtu wa kujitolea huisoma barua pamoja na mama, humsaidia kukusanya hati za mshahara, na kumtafutia mkalimani. Hata saa za kujitolea ndani ya stoo zaweza kuhesabiwa katika zile 80, zikithibitishwa.

Hata hivyo tusijidanganye. Feeding America, mtandao mkubwa wa benki za chakula, husema kuwa kwa kila mlo 1 unaotolewa na mtandao huo, SNAP hutoa 9. Tena sehemu ya chakula cha benki hizo hutoka serikalini, na mwaka 2025 baadhi ya shehena zilifutwa. Kwa hiyo stoo haiwezi kuchukua nafasi ya mpango wa serikali. Kazi yake ni kumvusha mtu asianguke katikati.

Ndugu wajumbe, sisi tunayo ya kuungama. Katika ugawaji mmoja wa mahindi tuliweka sharti la barua ya mwenyekiti wa kitongoji. Mama mmoja mjane alikuja bila barua, kwa kuwa mwenyekiti alikuwa safarini. Tulimrudisha mikono mitupu, nasi tukaandika katika taarifa kuwa walengwa wote wamefikiwa. Sharti lilikuwa letu, na hakuna mtu mwingine wa kulaumiwa. Tulipomfuata baada ya siku nne tulikuta wajukuu wake wamelala na uji mtupu.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Mosi, kila kamati iteue watu wawili, mmoja akiwa mama, wa kuwasaidia wahitaji kupata barua na fomu. Pili, asiye na karatasi apewe chakula cha siku chache huku akisaidiwa kuipata. Tatu, taarifa zetu zitaje pia waliorudishwa na sababu zake.

Kwenu wafadhili: tunajua mwaka 2025 baadhi yenu mlikuwa na foleni milangoni penu, na mkajiuliza kama mwendelee kutuma kwetu. Hatutawalaumu mkianza na jirani aliye mlangoni. Tunachoomba ni mtuambie mapema, ili nasi tujipange. Na mnapotusaidia, msipime kazi kwa idadi ya magunia peke yake. Nauli ya kumfikisha bibi ofisini kufuata haki yake ni msaada wa chakula pia.