Ukimshika Mkono Mtoto, Usimwachie Njiani



Ndugu zangu vijana, wazazi wetu wapendwa. Kila Ramadhani ikiingia huwa twachanga: tende, unga, nguo za mayatima. Alhamdulillah. Leo nataka tuzungumze juu ya sadaka isiyohitaji pesa, nayo ni kumpa mtoto mmoja saa mbili za wiki yako, ukawa mlezi wake wa kujitolea.

Jambo hili limejaribiwa. Mwaka 1904 huko New York, karani wa mahakama ya watoto, Ernest Coulter, alichoka kuona watoto wakiletwa mbele ya hakimu kila siku. Akawaomba wanaume wenzake kila mmoja awe rafiki wa mtoto mmoja. Ndiyo asili ya shirika la Big Brothers Big Sisters. Utafiti wa mwaka 1995 ulionyesha kwamba watoto waliopewa walezi hao walikuwa na uwezekano mdogo, kwa asilimia 46, wa kuanza dawa za kulevya kuliko wenzao waliokuwa wangali wakingoja.

Basi mlezi hufanya nini? Si kuhutubu! Mtume (s.a.w.) alimkuta mtoto Abu Umayr ana huzuni, ndege wake amekufa. Akamuuliza habari za yule ndege. Ni hivyo tu: kujali kile mtoto anachokijali.

Lakini niwaambie kosa langu. Miaka ya nyuma nilijitolea kumsaidia mtoto mmoja wa mtaani kwetu, yatima wa baba. Kila Jumamosi baada ya alasiri twafanya hesabu. Wiki ya sita nikapata kibarua, nikaacha kwenda, wala sikuaga. Siku moja nikakutana na mamake. Akaniambia, "Mwanangu, Jumamosi tatu alikaa barazani na daftari lake. Aliniuliza, mama, nimemkosea nini?"

Wallahi, sikuwa na jibu.

Baadaye nilisoma utafiti mwingine, wa mwaka 2002. Watoto walioachwa kabla ya miezi mitatu walizidi kujiona duni, ilhali waliokaa na walezi wao mwaka mzima ndio waliofaidika zaidi. Kumbe kuanza na kuacha kwaweza kuwa kubaya kuliko kutoanza.

Kwa hivyo, kabla hujasema ndiyo, jiulize: nitaweza mwaka mmoja? Kaongee na mzazi kwanza. Kutaneni mahali pa wazi, barazani au madrasa, si chumbani. Mvulana alelewe na mwanamume, msichana na mwanamke. Usiahidi zawadi, ahidi siku. Na ikibidi uondoke, nenda ukamuage, umweleze kwamba kosa si lake.

Saumu huisha magharibi. Mtoto bado yuko barazani, Shawwal na baada yake.