Kasuku Mdogo Nyumbani

Leo tuzungumze habari ya kasuku wadogo wanaofugwa majumbani, Mji Mkongwe na hata huku mashamba.

Tunaosema ni wale wa kijani, mdomo mwekundu, shingo rangi ya chungwa, urefu sentimita 15 hivi. Kwao ni bara, upande wa Mwanza na Serengeti. Miaka ya 1980 walinaswa kwa maelfu wakauzwa ng'ambo, mpaka kwao wakapungua. Basi usimtake wa porini. Chukua aliyezaliwa tunduni.

Ndege huyu hupenda watu. Atakupanda begani, atakuchokoa sikio, atainamisha kichwa umkune. Lakini porini huishi kwa makundi. Ukimwacha peke yake kutwa, ukaenda kuchuma karafuu, hujing'oa manyoya mpaka kifua kikabaki kitupu. Watu husema ati karogwa! Ni upweke tu.

Sisi wenyewe tulikosea. Wa kwanza tulimtundika jikoni apate joto. Kuni zilikuwa mbichi, moshi ukajaa. Asubuhi tulimkuta chini ya tundu, amekufa. Mapafu ya ndege hayastahimili moshi.

Huyu wa pili yuko ukumbini, karibu na bibi, ambaye hatoki sana. Tunampa mtama, mchicha na maji safi. Parachichi hatumpi kabisa, ni sumu kwake. Tundu tunalifuta kwa kitambaa kibichi, maana vumbi la mavi yake laweza kututia homa ya mapafu. Jioni tukimfungulia, huruka moja kwa moja mpaka begani kwa bibi, akasinzia hapo.