Gari la Moshi Juu ya Meza

Leo tunaendelea na hesabu ya kugawanya, lakini hatugawanyi machungwa. Tutagawanya gari la moshi.

Ninyi mnaokaa Msimbazi na Kariakoo mmewaona watoto wakivuta magari ya waya na makopo. Wako wazazi husema, "Tupa takataka hizo, shika kitabu." Ngoja kwanza, ndugu yangu. Ulaya na Marekani wako watu wazima, wenye kazi zao na wajukuu wao, ambao jioni hujenga reli ndogo nyumbani kwa kujifurahisha. Wala hawaoni haya. Kazi yao yote inategemea kipimo, na kipimo ni hesabu.

Kipimo maana yake ni hivi: kila kitu cha kweli hugawanywa kwa namba moja ile ile. Wengi huko ng'ambo hugawanya kwa 87. Sisi tuchukue 50, maana ni nyepesi. Reli ya Kati ilianza kujengwa hapa Dar es Salaam mwaka 1905, wakati wa Wajerumani, ikafika Kigoma mwaka 1914. Kati ya reli na reli pana mita 1, yaani sentimita 100. Gawanya kwa 50. Unapata sentimita 2. Huo ndio upana wa njia yako ya mezani.

Na urefu je? Kutoka hapa mpaka Kigoma ni kilomita 1,250 hivi. Gawanya kwa 50: kilomita 25! Hakuna meza ya namna hiyo. Kwa hiyo mjenzi huchagua kipande tu: stesheni moja, daraja moja, labda na mama anayeuza chai.

Sasa kazi ya mikono. Reli ni waya mnene ulionyoshwa. Mataruma ni vijiti. Gurudumu ni visahani viwili vya bati vilivyolehemiwa pamoja, kimoja kikubwa kidogo kuliko kingine. Kile kikubwa kikae upande wa ndani wa reli, maana ukingo wake ndio unaozuia behewa lisianguke. Fundi yeyote anayetengeneza koroboi ataweza kukuonyesha namna ya kulehemu. Kisha kata kipande cha mti chenye upana wa sentimita 2 kamili, ukipitishe kati ya reli toka mwanzo hadi mwisho. Kikikwama, njia ni nyembamba. Kikilegea, ni pana. Mara nyingi gari likianguka, watu hulaumu gari, kumbe kosa liko njiani. Na kona usiikunje ghafula.

Upana si jambo dogo. TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya mwaka 1970 na 1975, ina upana wa milimita 1,067. Reli ya umeme iliyoanza kuchukua abiria kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro mwaka 2024 ina milimita 1,435. Reli ya Kati ya zamani ina milimita 1,000. Tofauti ya Reli ya Kati na TAZARA ni milimita 67 tu, haifiki upana wa kiganja, lakini kwa ajili yake ilibidi pajengwe mahali pa kuhamishia mizigo kule Kidatu, mwaka 1998.

Onyo moja kwa wazazi. Magari ya dukani yanayotumia umeme kwa kawaida hutumia volti 12 tu, kupitia transfoma yake. Umeme wa ukutani ni volti 230. Mtoto asiunganishe waya wake na ukuta kamwe, huo unaua. La kwetu tulisukume kwa mkono. Wala mtu asiende kupima kwenye reli ya kweli. Vipimo nimekwisha wapa.

Haya, fungueni madaftari. Behewa lina urefu wa mita 12. Kwa kipimo chetu cha 50, la mezani litakuwa na sentimita ngapi? Mwenye mtoto nyumbani, afanye naye.